Picha Kumi na Moja Nilizokupiga kwa Lenzi Yako

Baba, kamwene.

Nakuandikia nikiwa studio, mlango nimeurudishia kwa sababu ya upepo. Huu upepo wa Makambako haujatulia hata kidogo, bado unaingiza vumbi la malori mpaka ndani ya droo. Lile pazia lako la bluu lenye maporomoko ya maji nimelitoa. Usinikasirikie, watu wa pasipoti saizi wanataka nyeupe. Jirani yetu wa saluni amehamia Njombe mjini. Mama kimwili hajambo, na mimi kimwili sijambo. Hayo mengine ndiyo nimekuja kukwambia leo, na nitakwambia yote, maana nimeyaficha muda mrefu mpaka yameanza kunitoka kwa njia ya aibu.

Ni habari ya ile lenzi.

Unakumbuka ilivyotoka kabatini. Lenzi yako ndefu ya kuvuta, ya enzi za mkanda, uliivisha soksi ya sufu ukaiweka nyuma ya makopo ya dawa za kusafishia picha, ukasema imestaafu kabla yako. Mimi na kimbelembele changu ndiye niliyeagiza ile pete ya kuunganishia kutoka Dar, kipande cha chuma kama bangili, ili lenzi ya zamani ikae kwenye kamera yangu ya dijitali. Ulicheka sana. Ukasema namwozesha bibi kizee kwa mvulana wa sekondari. Lakini pete ilipofika hukuniachia niifunge. Uliifunga mwenyewe, ukazungusha lenzi taratibu mpaka ikalia tak, halafu ukainua kichwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Kamera nayo ikagoma. Kwenye kioo chake ikaandika kwamba hakuna lenzi. Lenzi nimeishika mkononi, inanivunja kiganja kwa uzito, kamera inasema hakuna kitu! Uliudhika kwa niaba ya lenzi yako.

"Mwambie ipo," ukasema. "Mwambie ilikuwepo kabla yeye hajazaliwa."

Tukapekua humo ndani mpaka tukapata mahali pa kuiamuru ipige hivyo hivyo, hata kama haioni kitu. Basi ndiyo hali yake mpaka leo. Kila picha inaandika saa, dakika na sekunde, ila mahali pa lenzi inaweka vistari tu.

Ukanifundisha upya, mimi niliyejiona fundi. Kamera yangu ilikuwa imezoea kunitafutia ukali wa picha yenyewe. Ukasema hapa hakuna wa kukufikiria, mama, unafikiri mwenyewe. Zungusha pete ya kwenye lenzi hadi picha ikolee, ipitilize kidogo, halafu rudi. Nilihangaika karibu saa nzima na yule mama wa maparachichi ng'ambo ya barabara, picha zote zikatoka kama zimepigwa kwenye moshi. Wewe ukawa unakunywa chai unanisanifu.

Halafu ukasema, mwache yule mama apumzike, nipige mimi.

Hapa sasa, Baba, naomba nieleze polepole, hata kama ulikuwepo.

Zile ishara zetu tulizianza nikiwa kidato cha pili. Kwenye harusi na misiba wewe ulisimama mbali na lenzi yako, mimi nikawa karibu na watu nikiwapanga. Ulisema mtu anayelia hasogelewi na kamera. Kanisani hatuwezi kupiga kelele, kwa hiyo tukawa na lugha yetu. Mkono juu, subiri. Mkono kichwani, toka mbele yangu. Mkono kifuani, hapo hapo, mtu asisogee, piga. Miaka yote hiyo hatukuwahi kukosea. Watu walidhani tunasali.

Siku ile ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa Mlangali kwa dada yake, wakivuna maharage. Ukavaa koti lako la kahawia, ukaniambia nipande kwenye baraza la ghorofani juu ya duka la bati, wewe utaifuata barabara ya stesheni hatua mia tatu, halafu utageuka.

"Ukizipata kope zangu, umefaulu," ukasema.

Nikapanda. Uligeuka pale kwenye nguzo ya umeme. Picha nne za mwanzo hazifai, upepo ulikuwa unaitikisa ile lenzi nami nikitikisika nayo. Nilipokuweka sawa tena ukaweka mkono kifuani.

Hapo hapo, asisogee, piga.

Nikapiga. Nikazungusha pete, nikapitiliza, nikarudi, nikapiga. Nilikuona karibu, Baba. Vishikizo vya koti niliweza kuvihesabu. Nilikuona karibu kiasi kwamba nilisahau kabisa kuwa siko na wewe. Ukafungua mdomo, nikajua unanicheka uzembe wangu. Ukachuchumaa. Nikasema moyoni, mzee ananibadilishia kimo, kama anavyowafanyia watoto wa komunyo. Nikainamisha kamera nikufuate. Unajua ile lenzi ukiinamisha inateleza yenyewe, uzito wake unaivuta mbele. Ukawa mdogo ghafla, nikakurudisha kwa mkono. Nikapiga tena. Ya kumi na moja imekolea. Kope zinaonekana moja moja. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisema kwa sauti, nimefaulu.

Halafu mtu mmoja wa baiskeli akaitupa baiskeli yake akakimbia kuelekea ulipokuwa. Hapo ndipo niliposhusha kamera nikaona kwa macho matupu jinsi ulivyokuwa mbali.

Nilikimbia. Nilifika nawe ulikuwa umeshalazwa kwenye kitenge cha mtu.

Daktari alisema moyo. Sikumwuliza kama dakika mbili na sekunde arobaini zingeleta tofauti. Najua ni dakika mbili na sekunde arobaini kwa sababu kamera imeandika, kutoka mkono ulipogusa kifua hadi kope. Mkanda wako wa zamani usingeniambia. Ningebaki kusema ilikuwa mara moja tu, kufumba na kufumbua, na ningeamini.

Mama alifika jioni ukiwa tayari mochwari. Kwenye msiba aliniuliza mara moja, kwa upole, kama zile picha tulizokuwa tunapiga zipo. Nikamwambia hazikutoka. Nikamwambia ile lenzi kizee haikubali kamera mpya. Ndiyo, nilikisingizia chombo chako mbele ya jeneza lako. Akaitikia kwa kichwa, hakuuliza tena. Tukatumia ile ya kitambulisho, umekodoa macho kama umekamatwa. Mpiga picha wa mji mzima, hatuna hata moja ya maana yako!

Nilidhani nitaifungia ile lenzi kwenye soksi yake yaishe. Sikuweza. Nikaanza kuitoa asubuhi kabla sijafungua duka, nasimama dirishani naitazama barabara ya stesheni. Baba, kuna mtu pale kwenye nguzo. Kila siku. Kabla sijaikoleza picha yupo, kivuli cha kahawia kimesimama kinanisubiri. Nikikoleza anakuwa mwingine, muuza mahindi, mwanafunzi, au nguzo yenyewe tu. Nimefikia mahali sikolezi. Naiacha hivyo yenye moshi ili ubaki. Na ule mpira wa kushikia kwenye pete ya lenzi, kuna asubuhi naukuta una joto kabla sijaushika sawasawa. Sijamwambia mtu, wataniita mwehu.

Kilichoniumbua ni harusi ya Njombe. Kanisa lile mchungaji hataki wapiga picha mbele, kwa hiyo nikabaki nyuma kabisa na lenzi yako. Kwaya inaimba, bibi harusi anaingia, mimi nimemvuta bwana harusi hadi namwona jasho la juu ya mdomo. Akaweka mkono kifuani.

Niliiachia kamera ikaning'inia shingoni, nikakimbia. Nilikimbia katikati ya kanisa, nikampita bibi harusi na baba yake, viatu vinagonga sakafu, kwaya ikapotea mmoja mmoja. Nikamkamata yule kijana mikono yote miwili nikamwambia kaa chini, kaa chini. Msimamizi wake alidhani nimeona nyoka. Bwana harusi akaniangalia kwa huruma akasema, "Dada, niko sawa." Pini ya ua la kwenye koti ilikuwa inamchoma, basi.

Unajua habari zinavyosafiri. Nilipofika nyumbani Kidugala kesho yake zilikuwa zimeshafika kabla yangu. Mama alikuwa nje ya jiko anapukuchua maharage. Hakuniuliza habari ya harusi. Alinipa kiti, akanipa na ungo wangu, tukapukuchua pamoja, halafu akasema bila kuniangalia:

"Zile picha za baba yako. Hazikutoka kweli?"

Nikaenda ndani nikaleta kamera. Akajifuta mikono kwenye kanga. Nikamwonyesha moja moja pale kwenye kioo kidogo, nikamweleza yote, ishara yetu, kuchuchumaa kwako, ile sauti yangu ya nimefaulu, na zile dakika. Sikupunguza kitu. Alikuwa ananishika mkono kila akitaka nisubiri, anaiinamia picha, halafu ananipa ruhusa ya kuendelea. Tulipofika ya mwisho akaishika kamera mwenyewe. Kuku walikuwa wanakula maharage yetu hakuna aliyewafukuza.

"Ungekimbia, Salome," akasema.

Hakupaza sauti. Nikasema ndiyo, Mama. Nilingoja aseme ile ambayo watu wote husema, kwamba siyo kosa langu, siku ilikuwa imefika. Hakusema. Nililia pale pale, nikajua kumbe ndilo neno nililokuwa nalikimbia tangu siku ile, na lilipotoka halikuniua.

Kisha akasema, "Mimi nilimkuta amefunikwa. Rudisha mwanzo."

Tukarudia, Baba. Mchana mzima tulikutazama. Alichoka macho, hakukubali kupumzika. Akasema koti hilo alikuwa amekuambia ulifue. Akasema hukunyoa, angekuwepo ungenyoa. Akaweka kidole gumba juu ya uso wako, kikakufunika wote, akakitoa, akakiweka tena. Kumbe miezi yote mimi naficha kosa langu, nilikuwa nimemficha mwenzangu mumewe.

Tulipoanza kujengea kaburi, fundi akaomba picha ya kuweka. Mimi nikatoa ile ya tatu, imetikisika lakini angalau umesimama. Mama akasema ya kumi na moja. Nikamwambia Mama, hiyo ni ile. Akasema, "Najua ni ipi. Hapo anakutazama wewe." Fundi akauliza kwa adabu kama hatuna nyingine ambayo mzee hajachuchumaa. Mama akamwambia aibandike. Ipo pale, ndani ya kioo, na Jumapili baada ya ibada anaifuta kwa ncha ya kanga.

Mimi nimeikuza kwenye kompyuta hadi ikabaki vidoti. Nilitaka nijue, ulikuwa unaniita au ulikuwa unaniambia nipige? Kope zipo. Jibu halipo. Kuna siku naamini uliniita, na siku hizo sili. Kuna siku naamini yalikuwa yote mawili, kwamba kifua kilikuuma na bado ukataka nifaulu, maana ndivyo ulivyokuwa. Labda unajua mwenyewe. Ukipenda unijibu pale kwenye nguzo, nakuja kila asubuhi.

Nafunga sasa, kuna familia inakuja kupiga picha ya mahafali. Pumzika, Baba. Nimekukosa mpaka kwenye mambo madogo, hata kusanifiwa nimekukosa. Lenzi sitaistaafisha, Mama mwenyewe amekataa. Lakini nakuahidi jambo moja. Yeyote atakayeweka mkono kifuani mbele ya lenzi hiyo, awe bwana harusi, awe mzee wa kanisa anayeimba tu, nitaiachia kamera nikimbie. Picha ikipotea ipotee, na watu wacheke. Nitafika nikihema, nimwulize, na akiniambia yuko sawa nitarudi mahali pangu nihesabu hatua zote, ndipo nimpige.

Mwanao,
Salome