Shoka la Kwanza Katika Kichaka cha Chemchemi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Mpendwa mshauri, nakusalimu kwa salamu za amani, wewe na wote wausomao ukurasa wako, kisha naomba unisaidie, kwa kuwa nimekwisha kuwauliza watu wa huku na kila mmoja amenijibu kwa faida yake.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani katika kijiji kimoja nje ya mji wa Kibondo, nilisomeshwa Ujiji nikiwa kijana, na tangu nirudi huku milimani kazi yangu imekuwa kuwafundisha watu kumwabudu Mungu mmoja, nao walikuwa na kichaka kikubwa bondeni, pale yanapotoka maji yetu, ambamo hakuna aliyethubutu kukata hata ufito kwa kuogopa mizimu, na mlinzi wake alikuwa mzee Niyitegeka, ambaye ni mteko, yaani mtu wa ukoo uliokabidhiwa ardhi na mambo yake ya jadi, nami nikahubiri miaka yote kwamba humo hamna mzimu wala pepo, ila miti tu, na kwa hakika nilisema kweli, na watu wakanisikia.

Ikaja Operesheni Vijiji, tukatolewa mashambani tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, kisha tukaletewa tumbaku, na tumbaku yetu, mshauri wangu, haikauki kwa jua, hukaushwa kwa moto ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, na moto huo haulali mpaka jani lipate rangi, kwa hiyo misitu iliyotuzunguka imekwisha, na chemchemi ya upande wa pili, iliyokatiwa miti yake msimu uliopita, leo ni tope la kukanyagwa na mbuzi. Kimebaki kichaka kile. Mwenyekiti wetu, Ndugu Ildefonsi, ameamua kikatwe, lakini vijana bado wana hofu ya zamani mioyoni na hakuna anayetaka kutangulia, basi akaja nyumbani kwangu na kundi la watu akasema, "Shehe, wewe ndiwe uliyetufungua macho. Ijumaa ukitoka msikitini shika shoka, piga la kwanza, sisi tuko nyuma yako. Au na wewe unaogopa?" Watu wakacheka, hata mwanangu Khatibu, ambaye tumbaku yake imekwisha kutundikwa banini na itaoza akikosa kuni wiki hii.

Nikaenda kwa mzee Niyitegeka, naye hakunipa kiti. "Miaka yote umewaambia mle hamna kitu," akasema. "Haya, shehe, kawaambie leo kwamba mna maji. Tuone kama watakuogopa wewe." Niliporudi, mkwe wangu Mwajabu, mke wa Khatibu, ambaye ni mjamzito, akatua ndoo yake akaniuliza, "Baba, huyu anayekuja nitamwogesha kwa maji gani? Kwa majani ya tumbaku?"

Nikipiga shoka nayaua maji ya watoto wetu, na nikikataa watasema shehe amerudi kwenye mizimu, na yote niliyoyafundisha maisha yangu yatabomoka. Nasali, lakini moyo wangu umekuwa mzito kama jiwe. Nifanye nini?

Isihaka bin Omary, Kibondo

*

Shikamoo, mzee wangu. Jibu hili namkabidhi aliyeileta barua yako, likufikie kabla ya Ijumaa. Nimeisoma barua yako nikahuzunika, kisha nikakasirika, nawe utaniwia radhi, kwa kuwa umetaka ushauri, hukutaka pole.

Umeandika kwa kirefu juu ya chemchemi, lakini linalokuuma zaidi ni watu watakuitaje. Maji yakikauka, nani atatawadha aje kukusikiliza? Kumtoa mtu katika hofu ya mizimu ni haki. Ila hofu ile ndiyo iliyokuwa uzio pekee wa kichaka, nawe uliung'oa usijenge mwingine. Hukuwaambia kwamba Mungu unayemhubiri ndiye aliyeyatoa maji yale, na kwamba waliopewa ni pamoja na ambao hawajazaliwa. Ulimaliza somo katikati.

Basi shoka usiliguse. Wala usingoje Ijumaa. Rudi kwa Niyitegeka, keti hata chini, umwombe mwende pamoja kwenye mkutano wa kijiji. Usimtake atubu kwanza, na yeye asikutake utambike. Aseme lake, nawe useme lako mbele ya wote: mizimu hakuna, na kukata kichaka kile ni dhuluma. Wakikuita mshirikina, nyamaza. Kisha waongoze kwa miguu mpaka ile chemchemi iliyokufa, wasimame ndani ya tope lake, mwenyekiti akiwa mbele.

Na Khatibu? Hapa nitasema neno chungu. Kama hana kuni pengine, tumbaku yake ioze, na wewe uwe wa kwanza kutamka hivyo, maana ukiiponya ya mwanao hakuna atakayekuamini. Umlishe yeye na mkewe kutoka ghala lako mpaka mihogo ikomae. Msimu ujao, anayetaka bani aanze kwa kupanda miti ya kuni zake.

Sitakudanganya, mzee wangu. Nadhani watakukatalia. Mtu mwenye jani linaloharibika juu ya kichwa chake hasikii habari za wajukuu. Huenda Ijumaa hiyo hiyo mwingine akalipiga shoka ulilolikataa wewe. Likipigwa, usihame, wala usijifungie ndani. Kesho yake panda mche kando ya kisiki cha kwanza, na watoto wa chuo chako wajifunze kuutunza kama wanavyojifunza herufi. Kivuli chake hutakiona, na pengine maji yenyewe hayatarudi ukiwa hai. Ni amana hata hivyo, nawe utaulizwa.

Mwenyezi Mungu akuthibitishe siku ya mkutano, aihifadhi nyumba yako, walio ndani yake na wanaotarajiwa, awaruzuku riziki isiyomdhulumu mtu, na awarehemu wazazi wetu na sisi pamoja nao. Amin.

Bi. Mwamvua