Imba Kwanza, Kisha Ushike Gitare

Kampemba, Lubumbashi

Baba yangu mupenzi,

Jambo Baba. Goti inaendelea namna gani? Na ziwa, inatoa samaki bado? Miye mwili iko muzuri, kazi ku dépôt ya simenti inaenda. Lakini moyo, Baba, moyo haijatulia tangu Jumatatu. Dada yangu mukubwa, Yaya Régine, alinipigia simu akasema: "Usimuite Baba tena ku simu. Hasikii kitu. Hata kengele ya kanisa hasikii." Nilikuwa na mufuko ya simenti ku bega. Niliiachilia, ikapasuka, patron akapiga kelele, na miye nikabaki nasimama mu ile vumbi. Weye, Baba? Masikio ya weye?

Njo maana unaona barua. Soma polepole, najua miwani yako iko na mupasuko.

Niseme kwanza yenye inanichoma. Siku nilipanda lori kuya huku, nilikuambia mbele ya bantu: "Baba, masikio yako imezeeka. Haujue hata jina ya nota moja. Miye naenda kujifunza jazz ya kweli." Weye ulicheka tu. Sasa nalala na ile neno, naamka nayo. Ni kinywa yangu ilikuroga? Yaya anasema niache bujinga, ni kelele ya mashine za mugodi, miaka yote ile ulifanya kazi kule. Lakini naogopa, Baba. Naogopa sana.

Sasa sikia. Aye, ona kalamu yangu inasema nini! Soma, njo nilitaka kusema.

Huku nilijifunza gitare ku video za simu. Mwalimu anatoa leçon ndogondogo, kila leçon phrase moja, kipande ya nota sita ao nane, basi. Weka kidole hapa, kisha hapa. Niliziandika mu cahier, ya kwanza mpaka ya sitini na mbili, vidole vinakimbia kama panya. Nilijiona bwana! Nikaenda ku répétition, mazoezi ya orchestre moja yenye kupiga jazz ku hoteli. Chef wao, kiongozi, ni mama, Mama Odile, mupiga bass, mwili mukubwa, sauti ndogo. Nikafungua cahier. Akaifunga.

"Mutoto, weka gitare chini. Phrase yenye unapenda kupita zote njo gani?"

"Ya kumi na saba, Mama."

"Imba."

"Niimbe?"

"Ee, imba! Unaipiga, na kuiimba haujue?"

Baba, nilifungua kinywa, hakuna kitu ilitoka. Phrase sitini na mbili, na hata moja haikuwa mu kichwa! Bale bantu bakacheka mpaka mupiga ngoma akaangusha fimbo. Lakini si kicheko ilinishtua. Ni yenye Mama Odile alisema nyuma ya ile kicheko: "Imba kwanza, kisha ushike gitare." Ile ni neno ya weye! Nikiwa mutoto wa miaka sita uliniweka taya ku mbao ya gitare yako, ukapiga, ukasema nisikie na mifupa, kisha niimbe, na nisipoimba hakuna kushika. Siku tatu mu lori, njia ile ya mashimo, nikimbie neno yako, na nikute muntu asiyekujua ananingojea nayo!

Akaniambia nirudi Jumamosi na phrase moja tu, lakini nijue fasi, pahali yenye inatoka. Nikatafuta ile muziki nzima yenye mwalimu alikata phrase ya kumi na saba. Sikugusa gitare. Nasikiliza, naimba, nabeba simenti. Patron wetu, mufanyabiashara wa Butembo, alinigusa paji ya uso, alidhani ni malaria. Siku ya ine nikashtuka tena: ile phrase ni jibu! Tarumbeta inauliza kwanza, gitare inajibu. Mwalimu alinipa jibu, ulizo akaiacha. Na kwetu, hata ku kilio, nani anaitikia kama muimbishaji hajaanza?

Jumamosi niliimba yote mbili, ulizo na jibu, kisha nikapiga. Mama Odile hakunisifu. Alisema tu: "Kiti iko pale. Ikala." Nikaikala, Baba! Nilitaka kukupigia Jumatatu nikimaliza kazi, usikie furaha yangu. Yaya akanitangulia.

Naomba kitu moja. Ile wimbo yako ya kushona nyavu, uimbe mu simu ya Yaya, arekodi. Si kipande. Toka mwanzo mpaka mwisho, hata ukikohoa asikate. Weye hautaisikia, lakini miye nitaisikia.

Musalimie Mama, sombe yake, ile majani ya muhogo, naiota. Musalimie Yaya Régine, asichoke kukuandikia ku karatasi yenye bantu banasema. Na Tonton Placide, mupiga kengele wetu, usimukasirikie, anaipiga vilevile kama zamani.

Noel nashuka Kilwa na gitare. Sitaomba musamaha kwa kinywa, haitafika. Nitaikala karibu na weye, utaweka taya yako ku mbao, na miye nitapiga ulizo. Jibu utaimba weye.

Mutoto wako mwenye kichwa nguvu,
Célestin