Ukoo wa Mzee Sadoki Umetokea Mara Tisa

Shangazi Felista, shikamoo. Nakusoma kila gazeti likifika hapa Ileje, huwa nawasikitikia wenzangu, na leo zamu imenifikia mimi. Naomba unisaidie, na usinicheke kabla sijamaliza.

Nimeolewa mwaka wa sita huu, mume wangu Ipyana anafanya kazi Tunduma, mimi naishi na wakwe zangu na sina lalamiko nao hata moja, ila baba mkwe ni mtu wa mila za zamani, kwake mkamwana na baba mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni, tukikutana njiani napisha, na neno lolote kati yetu linapita kwa mama mkwe, na siyo kwamba hanipendi, maana nilipojifungua ni yeye aliyenitumia maziwa kila asubuhi mwezi mzima.

Sasa baba ni mzee wa kanisa, anaandika historia ya koo kumi zilizoanzisha usharika wetu, Ipyana akamletea kompyuta, akachapa kwa kidole kimoja kila ukoo na faili lake. Tabu ilianza alipotaka kuziunganisha kwenye faili moja kubwa. Anafungua la kwanza anakopi, la pili anakopi, hivyo hivyo hadi la tisa, la kwake mwenyewe akaliacha nyuma kwa adabu, kisha anakwenda kwenye faili kubwa anapesti, anatokea Mzee Sadoki, yule wa faili la tisa. Anapesti tena, Mzee Sadoki. Mara tisa, Shangazi, na ni Sadoki huyo huyo ambaye baba hajapatana naye tangu mambo ya mpaka wa shamba. Nilimsikia ng'ambo ya ukuta akimsimulia mama yote, mwisho akasema, "Huyu mtu hata humu ananifuata."

Kabla ya kuolewa nilifanya kazi Vwawa kwenye stesheni, duka la kuchapa na kutoa kopi, kosa nikalijua palepale. Nikamwambia mama, mwambie baba akopi ukoo mmoja, aupesti, ndipo arudi kuchukua mwingine. Mama akaenda, nikamsikia anasema, "Anasema urudi kuchukua mwingine." Baba akauliza, "Mwingine yupi?"

Basi Alhamisi walipokwenda kuchuma kahawa, niliingia chumbani kwake, nikakaa kwenye kiti chake, nikaziunganisha zile koo tisa. La kwake sikuligusa, niliona aibu kulifungua. Aliporudi nikamsikia akimwambia mama, "Imekubali." Nikafurahi hadi nikaunguza mboga.

Jumapili mchungaji akatangaza kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi baba atawafundisha makatibu wa sharika nyingine kuunganisha kumbukumbu zao. Baba angekataaje mbele ya watu wote wale? Akasimama, akasema asante. Na sasa kila asubuhi anamwambia mama kwa sauti kubwa pale uani, "Leo tutarudi saa kumi, mashine nimeiacha imewaka," na chumba alichokuwa anafunga kwa ufunguo anakiacha wazi. Naona ananitega. Nikisema ni mimi, nimevunja mila yake. Nikinyamaza, ataaibika mbele ya watu, na Mzee Sadoki amekaa mbele kabisa. Nifanye nini?

Mkamwana, Ileje

*

Mwanangu, marahaba. Majina nimeyabadilisha, kwa hiyo tulia. Kucheka nimecheka, samahani, ile ya mara tisa imenishinda.

Nikugombeze kwanza. Chumba cha mzee hakiingiwi bila ruhusa, hilo unalijua. Lakini kosa kubwa ni kwamba ulimfanyia kazi badala ya kumwonyesha, na wema wako umemwacha palepale alipokuwa.

Baba mkwe wako si mjinga, ni mkulima wa kahawa. Anachuma mti baada ya mti, anajaza kikapu, anamwaga mara moja. Kompyuta yake haina kikapu, ina kiganja kimoja tu. Ukikipa kitu cha pili, cha kwanza kimeanguka. Zipo njia za kuifanya itunze vingi, ila usimchanganye nazo kabla ya Jumamosi.

Na huo mtego unaousema, mwanangu, uko wapi? Mtu amempesti Sadoki mara tisa, amerudi kutoka shambani amekuta koo tisa zimejipanga, wewe unadhani anaamini mashine ilitubu yenyewe? Anajua ni wewe. Na anayetega hatangazi saa ya kurudi kwake. Mzee anakuomba msaada, kwa njia pekee ambayo mila yake inamruhusu.

Kwa hiyo kesho ingia, safari hii umekaribishwa. Kwenye kiti usikae, simama. Chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa: fungua ukoo mmoja, bonyeza kontroli na A uchague maneno yote, kontroli na C kukopi, nenda faili kubwa, weka alama inayomemeta pale mwisho, kontroli na V kupesti, hifadhi, ndipo urudi kwa ukoo mwingine. Mwonye asiguse X, hiyo inakata na kuondoa.

Mama mkwe usimbebeshe somo tena. Nampenda mama huyo, lakini hufika na neno la mwisho tu. Mpe neno moja ampelekee baba: samahani. Litafika zima.

Faili la kumi endelea kutoligusa. Chini ya karatasi andika, "Baba, limebaki la kwako." Keshokutwa wakienda shambani, fungua faili kubwa ushuke hadi chini. Ukikuta ukoo wa kumi umekaa mahali pake, Jumamosi haina tabu, hata Sadoki akae mbele na wanawe wote. Usipoukuta, ongeza mstari wa maelezo kwenye karatasi, na kesho yake tena, mpaka ukae.

Ukishakaa, usome mpaka mwisho wala usione aibu. Mtu aliyekutumia maziwa mwezi mzima hawezi kuandika ukoo wake akaliruka jina lako.