Roketi Yako Ilifika Karibu na Wingu

Yaya Kambale, mukubwa wangu,

Roketi yako iliruka siku ya ine ya juma, pale kilima ya nyuma ya mutaa wa Mususa. Ruhusa ya kuirusha, ile uliyoomba bureau kwa bureau za serikali mpaka viatu vikaisha, ilitoka wiki mbili baada ya kukuzika. Nilienda kuichukua mi mwenyewe. Nilisoma jina yako pale juu, nikakaa chini mu baraza ya commune, nikalia mbele ya batu.

Asubuhi chef wa mutaa alipita na megaphone, anasema batu basikimbie, si masasi ya bunduki. Mvua ilikuwa inakaribia. Banafunzi yako ba zamani baliwasha. Ilipanda, na kile chombo kidogo cha kupima umeme wa hewa mu kichwa yake. Parachuti niliyokushonea na kitambaa ya mwavuli ilifunguka. Yaya, ilifunguka vizuri! Nikageuka nikuambie.

Hapana mutu.

Mu ordinateur, ile kompyuta yako, tuliona mustari: chini, chini, kisha karibu na wingu ukapanda sana. Na radi ilikuwa haijapiga bado. Ule umeme ulikuwa mule tayari, vile ulikuwa unatuambia.

Unajua nilifikiri nani. Tangu radi ipige darasa yako ya Mbau na kuuwa batoto wawili, batu balisema Tante Kavira, shangazi yetu wa kule Mbau, ndiye aliituma. Balimufukuza. Wewe ulimuleta kwetu Butembo na pikipiki, amelowana, ukaapa: “Nitapima mawingu, batu baone.” Lakini tension, ugonjwa ya damu kupanda, ikakuuwa mbele haujapima.

Basi nilimupelekea karatasi ya ule mustari. Nilimueleza polepole, mu luga ya Kinande, vile wewe ungelifanya: radi inazaliwa mu wingu yenyewe, hakuna mutu anaituma. Aliangalia ule mustari wakati murefu. Kisha akauliza: “Basi, haikuwa mimi?”

Yaya, miaka yote tulizania anangojea batu bamusadiki. Kumbe yeye mwenyewe hakuwa anajua. Nilimukumbatia, nikamuambia: “Haikuwa wewe.” Wewe ungelimuambia vizuri zaidi.

Pumuzika sasa, mwana wa mama. Masasi yakitulia ku barabara ya Mbau, nitaenda kwa bazazi ba bale batoto wawili. Nitakaa nabo chini, nitalia nabo kwanza, kisha nitabaeleza yote mpaka mwisho. Hata bakinifukuza, nitarudia kwabo.

Mudogo wako,
Masika