Spana Niliyoikata Mpini

Makutano,
Meru.
Jumanne, 11 Machi 2025

Mpendwa shemeji Mwongera,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Na mkeo Gatakaa? Anakula? Analala? Miguu bado imevimba, na mtoto tumboni anacheza? Nauliza mengi kwa pamoja kwa sababu huko kisimani hakuna mtandao na majibu sitayasikia upesi. Sisi huku tu wazima. Mama yetu Ciakuthii kikohozi kimemwacha, amerudi shambani kugombana na magugu. Mvua bado, tunaangalia mawingu tu.

Bundi, dereva wa lori, alinifikishia ujumbe wako kwa mdomo: kwamba kemshafti ya pikipiki, ile fimbo ya kufungua valvu, imelika, nikutumie nyingine, utaifunga mwenyewe. Tangu hapo sijatulia. Nimepanga spea dukani, nimezipangua, nimezipanga tena. Kendi ameniuliza kama nimekalia siafu. Dada yako unamjua.

Si kwamba nakudharau. Naogopa mikono yako. Miaka yote umefunga mabomba ya kisima, na bomba la chuma unavyozidi kulikaza ndivyo maji yanavyoacha kuvuja. Hedi ya pikipiki, hicho kichwa cha injini kemshafti inamofungwa, ni alumini, shemeji. Bolti ni ngumu, tundu ni laini. Ukizidisha, bolti inatoka na meno ya tundu, na hapo haina tena cha kushika. Mimi hapa ningeipeleka kwa mtu wa mashine achonge meno mapya. Wewe utaipeleka wapi? Na hiyo pikipiki ndiyo ya kumfikisha Gatakaa hospitali siku yake ikifika. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jana jambo hilo la bolti limetokea hapa hapa mbele ya duka. Gachoki, fundi mwenzangu, na si fundi wa juzi, alikuwa akirudisha kemshafti ya pikipiki ya kubeba miraa. Watu wa boda wakamzunguka, maana hapa kazi ya mmoja ni ya stendi nzima. "Wee fundi kaza, hiyo bado iko loose!" Akakaza. "Ongeza kidogo, unaogopa nini?" Akaongeza. Bolti ikawa laini ghafla, kama kijiko kwenye uji. Wale waliokuwa wakipiga kelele wakakumbuka kwamba wana abiria. Pikipiki bado iko hapa, imefunikwa gunia, na kila nikiipita nakuona wewe.

Basi nisikilize. Kabla ya kuweka kemshafti, zungusha magneto, lile gurudumu la ubavuni mwa injini, mpaka herufi T iliyochongwa juu yake ikutane na alama ya kwenye kava, pistoni ikiwa juu kabisa. Iweke kemshafti nundu zake zikitazama mbali na roka, vile vikono vinavyokandamiza valvu. Ukiifunga nundu zikisukuma roka, springi za valvu zinaiinua kemshafti upande mmoja. Wewe utadhani bolti haijakolea, kumbe unapigana na springi kwa meno ya tundu. Gachoki hakuangalia T. Alisikiliza watu.

Futa mafuta yaliyotuama ndani ya matundu. Kila bolti ianze kwa vidole, uirudishe nyuma kwanza mpaka uisikie imedondoka kwenye njia yake, ndipo uipeleke mbele. Ikikataa vidole, itoe uanze upya. Usiilazimishe. Halafu zikaze kidogo kidogo, huku na upande wa pili, kwa zamu, mpaka zote zishike. Zikishika, basi.

Ndani ya kifurushi kuna spana. Usishangae umbo lake. Nimeikata mpini kwa msumeno asubuhi hii, ibaki ya kushikwa kwa vidole tu. Na kwa kuwa huko una mabomba tele, na najua tabia ya watu wetu ya kuchomeka bomba kwenye spana ili kuongeza nguvu, nakuonya mapema: ukiichomekea hii, nitakuja kudai mbuzi wangu wote wa mahari.

Hapo nilidhani barua imeisha. Nikatoka kumuuliza Bundi anaondoka saa ngapi, nikarudi, nikamkuta Kendi anapanga nguo kwenye begi. "Wewe andika mambo ya bolti," akaniambia. "Mimi naenda kuleta Gatakaa."

Nimeshika kalamu tena. Wakati wote huu nimehangaika jinsi ya kuiponya pikipiki, wala sikuwaza kwamba lori linalopeleka kemshafti linaweza kurudi na mtu. Nimeona aibu, halafu nimefurahi, halafu wasiwasi umeanza upya kwa sababu ya barabara. Nimemwambia Bundi aendeshe kana kwamba amebeba mayai. Ameniambia nimeshamwambia.

Kwa hiyo anayekukabidhi barua hii ni dada yako mwenyewe. Mwache Gatakaa apande naye, ajifungulie huku karibu na Mama. Lori likishaondoka ndipo uifungue injini, polepole, bila mtu wa kukuhimiza. Na spana usimpe Kendi hata kidogo. Huyu akifunga chupa ya mafuta ya kupika, mpaka niite jirani aje kuifungua.

Mama Ciakuthii anakusalimu na ameshakuwekea sala. Gachoki naye anakusalimu, ingawa hana raha. Majirani wanaopita wote wananituma nikuambie ukaze: kaza mwendo, kaza kamba, kaza moyo. Mungu akutunze hapo kisimani, na awatunze hao wawili, au niseme watatu, njia nzima mpaka mlangoni kwangu.

Moyo kaza, shemeji. Bolti ikishika, iache.

Ni mimi nikupendaye, nisiyetulia,
Runji wa Kendi