Weupe wa Bawani

Kwa Kaka yangu mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia na hukohoi tena vumbi la mbao kama mwaka jana. Wifi hajambo? Na Mama, goti lake linampa nafasi? Sisi huku wazima. Bonge ameota jino la nne na analijaribu kwenye kila kitu, mimi mama yake nikiwemo. Nakusalimu hivi kwa sababu Mama alitufundisha kutanguliza salamu hata kwa mtu uliyemkasirikia, na mimi nimekukasirikia mpaka kalamu inatoboa karatasi. Ukiona matundu usidhani ni panya.

Kaka, nimesikia unawaambia watu kwamba niliacha kazi mwenyewe, eti mtoto amenizidi. Sikuacha. Uliniondoa, na kwa kuwa naona umesahau, acha nikukumbushe.

Nilikuletea karakanani njiwa sita wa mbao, wale wa kuwavutia njiwa wa kweli kwa wawindaji, niliowapaka kwa namna yangu. Ulikuwa umewachonga wewe, na sitakunyima haki yako, mkono wako kwenye mbao hauna mpinzani. Mimi nilichekecha majivu nikayachanganya kwenye rangi ya kijivu ili isimetemete juani. Vanishi sikuigusa. Shingoni nikaweka doa jeupe, kifuani zambarau ya mbali, na kwenye bawa lililofungwa nikaacha weupe mwembamba kama uzi tu. Ukamnyanyua mmoja mbele ya wateja wawili, ukawauliza kama huyo ni njiwa au ni jiwe lililovaa kola. Wakacheka. Ukawatupa wote sita kwenye sanduku la maranda. Ukasema mtu aliyeishia darasa la sita, ambaye hajawahi kukaa shambani na wawindaji hata siku moja, sasa anataka kufundisha mafundi. Ukasema kunyonyesha kumeniharibu macho.

Halafu ukamshusha njiwa wa Baba kutoka rafuni, yule wa mwisho kabla hajafariki, mwenye mstari mweupe wa vidole viwili bawani. Ukanisogezea usoni ukasema Baba alipaka hivi, sisi tutapaka hivi, na asiyeweza amchukue mwanawe aende kwake. Nikambeba mwanangu nikaenda. Nyuma yangu nikasikia kufuli. Brashi zangu zote ziko humo ndani mpaka leo, hata ile ndogo niliyoipunguza nywele kwa wembe.

Ungenisikiliza dakika tano tu, ungejua nilikotoa maneno yangu. Sikuyaota. Nyuma ya nyumba yangu kuna shamba la ngano lililovunwa, na njiwa hushuka pale kila asubuhi wakati mimi naanika nguo, Bonge mgongoni. Nimewatazama miezi mitatu. Njiwa anayekula amefunga mabawa, na ule weupe unajificha ndani. Unachokiona kwa mbali ni shingo yake. Lakini nikikung'uta shuka mbichi, mmoja akashtuka, mabawa yanafunguka, weupe unawaka kama umeme, na kundi zima linaruka, hata wale waliokuwa mbali ambao shuka hawakuisikia. Weupe wa bawani ndio kelele yao, Kaka. Ndio njia yao ya kuambiana kimbieni. Sasa wewe unamchonga njiwa wa mbao ili wa kweli wakimwona waamini kuna chakula na amani, kisha unampaka mstari unaopiga mayowe mchana kutwa. Nilikuja mbio kukueleza, povu la sabuni bado liko mikononi, ukaniuliza hao njiwa wamenipa cheti gani.

Haya. Bwana Buti, kiongozi wa wawindaji, amepita kwangu. Kanieleza kwamba amekurudishia njiwa arobaini. Anasema wa kweli wanakuja, wanazunguka mara moja juu yao, halafu wanaondoka kama wageni waliosikia mbwa. Wawindaji wamekaa siku tatu ndani ya kibanda cha majani, wanapigwa na jua, na hakuna njiwa hata mmoja aliyegusa chini. Kasema jambo hili lisiporekebishwa kabla ya msimu, watachukua wale wa plastiki, na karakana ya Baba itabaki pa kufugia buibui. Na kasema wewe ulimjibu kwamba kosa ni la dada yako, ameharibu rangi.

Kaka! Hao arobaini umewapaka mwenyewe, mimi nikiwa nje ya kufuli. Hujawahi kukubali jina langu litajwe kwa njiwa hata mmoja aliyesifiwa, lakini siku ya lawama ukalikumbuka haraka. Hilo limeniuma kuliko maranda na kuliko kile kicheko. Nilimpa Bwana Buti kiti, nikaingia ndani kulia, nikatoka nimeosha uso, nikamwambia asubiri.

Wifi alikuwa ameokota watatu kati ya wale sita na kunitumia wakiwa wamefungwa kwenye kitambaa. Usimgombeze, ndiye mwenye akili humo ndani. Nilimpa Bwana Buti hao watatu. Siku ya nne akarudi, akaingia na matope yake mpaka katikati ya chumba, hakuona hata mkeka. Akasema njiwa walishuka kama walioitwa chakula, na mmoja akatua juu ya kichwa cha wa mbao akaanza kumchokoachokoa shingoni. Anataka sitini wa namna hiyo. Akaniambia niwatengeneze peke yangu, niachane na wewe.

Nilijaribu, sikufichi. Niliazima patasi, nikachonga siku mbili, vidole vikavimba. Jirani akapita akauliza hicho kiatu ni cha nani. Basi nikajua. Mimi bila wewe natengeneza viatu, na wewe bila mimi unafukuza njiwa.

Sasa kaa chini, Kaka, kama umesimama. Kuna jambo nimelibeba tangu nikiwa na miaka kumi na tatu, na hasira hii ndiyo iliyonipa nguvu ya kulitua.

Yule njiwa wa rafuni hakupakwa na Baba.

Miaka yake miwili ya mwisho macho ya Baba yalikuwa yameingia ukungu. Kijivu na buluu kwake vilikuwa kitu kimoja. Alichonga kwa kupapasa. Hakutaka wewe ujue, maana ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kushika patasi chini yake, na aliogopa utamtazama kama msumeno uliovunjika meno. Akaniomba mimi, na akaniapisha. Ndiyo maana niliishia darasa la sita. Wewe huwaambia watu ni uzito wa kichwa, na mimi nimekaa kimya miaka yote. Wewe ukienda kutafuta mbao, mimi napaka, Baba amesimama nyuma yangu ananielekeza kwa kumbukumbu. Aliniambia bawa limefungwa, weka weupe kidogo, mwembamba. Lakini nilikuwa mtoto, Kaka, na weupe niliuona mzuri. Nikaupanua vidole viwili, ung'ae. Baba akamshika yule njiwa, akamsogeza mpaka puani, akasema vizuri mwanangu, hivyohivyo. Hakuona. Nami sikusema. Nikaendelea kuwapaka hivyo wote, na wakati ule njiwa walikuwa wengi, hata waliokimbia walirudi, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Halafu Baba akafariki, na wewe ukatoka chumbani kwake umemkumbatia yule njiwa, unalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, unasema hivi ndivyo tutakavyopaka mpaka mwisho. Ningekuambia nini? Kwa mdomo gani?

Basi kosa unalolilinda kwa kufuli ni kosa langu. Umenifukuza kwa njiwa wangu mwenyewe.

Kama huamini, mgeuze. Chini ya mkia kuna alama ya kidole gumba, nilimshika rangi haijakauka. Weka chako juu yake. Baba kidole chake kilikuwa kipana kama kijiko, unakumbuka. Kile ni cha mtoto. Kisha nenda jikoni kwa Mama. Yule njiwa mweusi kwa masizi anayezuia mlango usijifunge ndiye wa Baba mwenyewe, wa zamani, alipokuwa anaona. Mfute kwa kitambaa chenye maji, utazame bawa lake.

Msamaha nakuomba kwa ule mstari mweupe tu, na kwa kunyamaza. Hayo mengine yote ni yako, na nayasubiri.

Jumatatu asubuhi nitakuja na Bonge na kopo langu la majivu. Nataka benchi la dirishani, nataka brashi zangu, na nataka umwambie Bwana Buti kwa kinywa chako nani aliwapaka wale arobaini. Tukianza wiki hiyo, sitini tutawamaliza kabla ya msimu, wewe na patasi, mimi na rangi. Naamini tutaweza. Nikikuta kufuli, nitakaa hapo kizingitini na kuupaka mlango wako mstari mweupe wa vidole viwili, juu mpaka chini, ili kila mteja akifika auone na akimbie.

Msalimie Mama, mwambie mjukuu wake sasa anasimama kwa kushika ukuta. Msalimie Wifi mara mbili. Bonge anamsalimia mjomba wake, hajajua bado ulivyo, na mimi sijamwambia.

Ni mimi mdogo wako. Jina siliandiki, huwa hulitaki mpaka siku ya lawama. Nimeweka kidole gumba hapa chini kwa rangi ya kijivu. Kilinganishe na kile cha chini ya mkia. Kimekua kidogo, lakini mistari ni ileile.