Jambo la Saba Halikuwa Kweli

Mama, leo mwaka umetimia tangu sauti yako iache kutuuliza, "Umejuaje?"

Ulituuliza hivyo hata tukisema mvua itanyesha. Baba akileta habari motomoto kutoka kwenye simu, ulivua miwani: "Kaandika nani? Lini? Nani mwingine kasema?" Baba alinywea, akarudi kitini. Siku hizi anajiuliza mwenyewe, kwa sauti, halafu anatuangalia kama tumesikia.

Maktaba ya sekondari uliikuta ikiwa stoo ya madawati mabovu. Ukawafundisha humo vijana wa kidato cha tatu kutomeza kila kilichoandikwa. Kila mwaka, muhula wa kwanza, uliwaandikia ubaoni mambo kumi kukuhusu, moja la uongo. Walitakiwa kulibaini kwa vyanzo viwili, bila kukuuliza wewe. Jibu ulilifungia kwenye bahasha, droo ya chini. Ndiyo maana Jumamosi watoto wa watu walitubishia hodi, wakimhoji mama mkubwa kuhusu utoto wako mpaka chai yake inapoa.

Mwaka jana ulituacha majuma matatu tu baada ya kuandika orodha. Tukadhani yameishia hapo.

Kumbe waliendelea. Hakuna aliyewatuma, hakuna wa kuwapa alama. Miezi miwili baada ya kukuzika walikuja nyumbani, wote thelathini na wanne, viatu vimejaa vumbi. Walibeba nakala ya daftari la matokeo la shule uliyosoma, na maelezo ya mwalimu wako mstaafu, yenye sahihi. Msaidizi wako wa maktaba akafungua bahasha mbele yetu. Mwandiko ulikuwa wako: "Namba saba, 'Sijawahi kufeli mtihani,' si kweli. Niliwahi kufeli mtihani wa kidato cha nne. Nikarudia."

Baba aliishi nawe miaka ishirini na sita, na hakujua.

Kitindamimba wetu alikuwa amefeli mtihani huohuo, kajifungia chumbani, anasema harudi shule, yeye hana kichwa kama chako. Siku hiyo alitoka. Alisoma karatasi zote mbili akiwa amesimama mlangoni. "Mmejuaje?" akawauliza. Wakamweleza hatua kwa hatua, karibu saa nzima. Jumatatu alivaa sare.

Orodha ile uliiandika juma lilelile matokeo yake yalipotoka. Hatuna chanzo cha pili, kwa hiyo hatusemi ulikusudia. Tunastaajabu tu, Mama, mpaka leo.

Majuzi matokeo mapya yametoka. Amefaulu. Tumeyaangalia sehemu mbili.

Unakumbukwa na mume wako, wanao watatu, dada yako mkubwa aliyehojiwa kuliko mtu yeyote mtaani, wakweo, wajukuu, na wale thelathini na wanne.

Siku zote tutakukumbuka. Hili hatuhitaji kulihakiki.